Gemu Ikikopiwa, Ni Pesa Ngapi Zimepotea?

Tuanze na hesabu ndogo. Umetengeneza gemu ya simu na unaiuza shilingi 200. Mwezi umeisha, watu 80 wamelipa. Lakini ukichungulia seva yako unaona watu 1,000 wanaicheza. Hao 920 wengine wameipata kwa njia za panya. Swali: umepoteza pesa ngapi?

Wengi wetu tutapiga hesabu haraka: 920 mara 200, shilingi 184,000. Ukiona namba kama hiyo usingizi unakata. Unaanza kuwaza mawakili, kufuli, nywila juu ya nywila. Ngoja kwanza. Hiyo 184,000 haijawahi kuwa yako, na ukiendesha biashara kwa kuifukuza unaweza kupoteza hata wale 80 waliolipa.

Hilo ndilo somo la leo. Ni kwa yeyote anayeuza kitu ambacho mtu anaweza kukikopi: noti za KCSE, biti za muziki, kitabu cha PDF, kozi ya video, apu. Unajua inavyokuwa. Mmoja ananunua, jioni faili iko kwenye grupu la WhatsApp la watu 200. Tutajifunza kutoka kwa watengenezaji gemu kwa sababu moja tu: wamepigana na shida hii kwa miaka mingi, na baadhi yao wametoa namba zao hadharani. Hao wametulipia karo.

Kwanza tuelewane maneno. Tukisema "nakala haramu" tunamaanisha gemu iliyopatikana bila kumlipa mwenyewe. Tukisema "kufuli" tunamaanisha programu inayowekwa ndani ya gemu ili isikopiwe. Na "kuvunja kufuli" ni kuiondoa programu hiyo ili gemu ichezwe na yeyote.

Asilimia 92, halafu?

Mwaka 2008, Russell Carroll wa kampuni ya Marekani iitwayo Reflexive Entertainment aliandika kuhusu gemu yao, Ricochet Infinity. Waligundua kwamba kati ya watu waliokuwa wakicheza gemu kamili, asilimia 92 walikuwa na nakala haramu. Yaani wanane tu kwa kila mia ndio waliolipa.

Kampuni haikukaa kulia. Iliimarisha kufuli yake mara kadhaa, na kila mara ikapima vitu viwili: nakala haramu zimepungua kiasi gani, na mauzo yameongezeka kiasi gani. Kuna rekebisho lililoinua mauzo vizuri, na kuna mengine hayakusogeza kitu. Walipojumlisha yote, wakafikia hesabu ambayo hutajwa mpaka leo: kwa kila nakala haramu 1,000 walizozizuia, walipata mauzo ya ziada kama moja hivi.

Soma tena. Elfu moja, moja.

Maana yake ni kwamba wengi wa wale waliofungiwa mlango hawakwenda dukani. Walitafuta gemu nyingine ya bure, au wakaacha kabisa. Hawakuwa wateja waliotoroka. Walikuwa wapita njia. Tukirudi kwa mfano wetu, wale 920 hawakuwa wamebeba mia mbili mbili mkononi wakisubiri kuzuiwa ndio walipe.

Hata namba yenyewe chunguza

Kuna jambo lingine. Namba ya nakala haramu mara nyingi huwa kubwa kuliko ukweli, kwa sababu ya jinsi inavyohesabiwa.

Mwishoni mwa 2008, timu ndogo ya 2D Boy ilitangaza kwamba gemu yao World of Goo ilikuwa na nakala haramu kama asilimia 90. Walihesabu anwani za intaneti zilizotuma alama kwenye seva yao, wakalinganisha na mauzo. Wasomaji wakauliza swali la maana: mtu mmoja si anaweza kucheza nyumbani, kazini na kwa rafiki, akahesabiwa mara tatu? Walirudia hesabu kwa uangalifu zaidi, ikashuka hadi asilimia 82. Bado ni kubwa, lakini tofauti unaiona.

Januari 2015, ustwo, watengenezaji wa Monument Valley, nao walisema kwamba kati ya simu za Android zilizokuwa na gemu yao, asilimia 5 tu ndizo zilizolipiwa, na kwa iPhone na iPad asilimia 40. Mitandao ikawaka moto. Wao wenyewe wakafafanua: si zote zilizobaki ni haramu. Mtu akinunua mara moja anaweza kuiweka kwenye simu na tableti, na amelipia zote. Kwa hivyo kabla hujakasirika, uliza namba imetoka wapi.

Lakini maumivu ni ya kweli

Tusije tukaelewana vibaya. Kukopi kazi ya mtu bila ruhusa ni makosa, na kwa timu ya watu wawili inauma. Kodi ya nyumba haingoji.

Aprili 2013, ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug wa Greenheart Games, walitoa gemu yao ya kwanza, Game Dev Tycoon, kwa dola 8. Kwenye gemu hiyo wewe ni mwenye kampuni ya kutengeneza gemu. Walijua itaibwa tu, kwa hivyo wakawahi: waliisambaza wenyewe nakala "iliyovunjwa" kwenye tovuti za haramu siku ileile ya kuanza kuuza. Ila waliipika kidogo. Ukicheza nakala ile kwa saa chache, kampuni yako ndani ya gemu inaanza kufilisika kwa sababu watu wanaiba gemu zako.

Siku ya kwanza ilipoisha, waliolipa walikuwa 214. Waliokuwa wakicheza nakala ile nyingine walikuwa zaidi ya 3,100. Kisha malalamiko yakaanza. Wachezaji walioipata bure walienda mtandaoni kuuliza wafanye nini, maana wezi wanawaharibia biashara! Kuna hata aliyetaka kujua kama anaweza kufanya utafiti wa kufuli ndani ya gemu. Hukuhitaji mahubiri mengine.

Angalia walichofanya lakini. Hawakumfungia mtu mlango. Walitumia nakala haramu kusimulia hadithi yao, na hadithi hiyo ikaandikwa dunia nzima. Watu ambao hawakuwa wamewahi kuisikia gemu hiyo wakaijua.

Kufuli inapomfungia mwenye nyumba

Kampuni kubwa nyingi zilichukua njia tofauti: kaza, kaza, kaza.

Mwaka 2008 kampuni ya EA ilitoa gemu ya Spore ikiwa na kufuli iliyoruhusu kuiwasha kwenye kompyuta tatu tu. Wateja waliolipa pesa yao walijaa Amazon kuipa nyota moja. EA ililazimika kulegeza, ikaongeza hadi kompyuta tano. Na kufuli hiyo ilizuia nini? Spore iliishia kutajwa kuwa gemu iliyopakuliwa kiharamu kuliko zote mwaka huo.

Mwaka 2010 ikawa zamu ya Ubisoft. Kwenye kompyuta, Assassin's Creed II ilikutaka uwe na intaneti muda wote, hata unapocheza peke yako. Intaneti ikikatika, gemu inasimama. Mwezi Machi seva zao zilishambuliwa, na waliojikuta nje ni wale waliolipa. Fikiria kidogo: mteja halali anashindwa kucheza, aliyepata nakala iliyovunjwa kufuli anaendelea kama kawaida. Mwaka 2012 kampuni ilithibitisha kwamba imeachana na sharti hilo.

Hata CD Projekt ya Poland, kampuni ambayo haipendi kufuli, iliteleza. Baada ya The Witcher 2 kutoka mwaka 2011, watu nchini Ujerumani walianza kupokea barua za mawakili wakidaiwa pesa kwa kukopi. Wateja wakalalamika kwamba hata wasio na hatia wanaweza kupata barua hizo. Januari 2012 kampuni ikatangaza kwamba imesitisha mpango huo.

Kwa hivyo kufuli ina bei, na bei hiyo mara nyingi hulipwa na mteja mwaminifu.

Mmoja aliamua kuuliza tu

Agosti 2008 Mwingereza Cliff Harris wa Positech Games, anayetengeneza gemu karibu peke yake, alifanya kitu rahisi. Aliwauliza wanaokopi gemu zake: kwa nini? Aliahidi kuyasoma majibu, na akapata mamia.

Waliosema wanachukua kwa sababu tu hawatakamatwa walikuwa wachache. Wengi walisema bei iko juu. Wengine walisema sehemu ya majaribio ni fupi mno, huwezi kujua kama gemu inakufaa. Wengine walichoshwa na kufuli. Na wengine walisema jambo ambalo sisi wa biashara ya malipo tunapaswa kulisikia kwa masikio mawili: nakala haramu ilikuwa rahisi kuipata kuliko ile halali.

Harris hakukubaliana na kila kitu, lakini alibadilika. Aliondoa kufuli kwenye gemu zake, akapunguza bei, na akaahidi sehemu ndefu zaidi za majaribio.

Ukiyapanga majibu ya aina hiyo, unapata makundi matatu:

1. Hatalipa kamwe. Hata ikiwa shilingi tano. Huyu ndiye anayejaza ile asilimia 92.
2. Hawezi kulipa sasa. Mwanafunzi, au aliye kati ya kazi. Kesho anaweza kuwa mteja.
3. Yuko tayari kulipa, ila njia imemshinda. Ana pesa, ana nia, lakini malipo ni magumu.

Kundi la kwanza linatupandisha presha bure. Kundi la tatu ndilo lenye pesa, na ndilo tunalolisahau.

Kushindana na cha bure

Warsaw, mji mkuu wa Poland, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na soko la wazi ambapo gemu za kukopi ziliuzwa kama nyanya. Sheria ya hakimiliki iliyogusa programu za kompyuta ilikuja mwaka 1994, mwaka uleule Marcin Iwiński na Michał Kiciński walipoanzisha CD Projekt kuuza gemu halali. Hebu jiweke kwenye viatu vyao: jirani yako anauza bidhaa ileile kwa bei ya kutupa.

Mwaka 1999 walileta Baldur's Gate kwa lugha ya Kipolandi. Gemu ilikuwa kwenye CD tano. Hawakujaribu kuwa rahisi kuliko mtu wa sokoni. Walijaza boksi: ramani, kitabu cha kanuni, CD ya muziki, na wahusika waliosemewa na waigizaji wanaojulikana Poland. Siku ya kwanza waliuza nakala 18,000. Mnunuzi aliona tofauti kwa macho yake, si kwa kuogopeshwa.

Mwaka 2008 kampuni hiyo ilifungua duka la mtandaoni, GOG, linalouza gemu zisizo na kufuli yoyote. Mwaka 2015 The Witcher 3, gemu yao kubwa, iliuzwa hapo bila kufuli tangu siku ya kwanza, na bado ikawa mojawapo ya gemu zilizouzwa sana duniani.

Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye duka la Steam lililoanza mwaka 2003, amesema mara nyingi kwamba uharamia ni shida ya huduma kuliko ya bei. Mfano wake ni Urusi. Watu walimwambia asihangaike kuuza huko, kila mtu anakopi. Valve ikaona kwamba wauzaji haramu walikuwa wakitoa gemu kwa Kirusi haraka kuliko wenye gemu wenyewe. Ikarekebisha huduma, na kufikia 2011 Urusi ilikuwa moja ya masoko yake makubwa Ulaya.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Kijana wa Kayole anaweza kuwa na shilingi 500 kwenye simu, anataka kununua gemu kwa haki, na duka la mtandaoni linamwambia: weka kadi. Hana kadi. Lakini movie shop iko hatua ishirini kutoka mlangoni. Anapeleka flashi, analipa kidogo, anawekewa gemu, anaenda. Movie shop haikumshinda mwenye gemu kwa bei tu. Ilimshinda kwa kukubali pesa ambayo mteja alikuwa nayo.

Utafiti unasemaje?

Tume ya Ulaya ililipia utafiti mkubwa kuhusu jambo hili, euro 360,000. Watafiti wa Ecorys waliwahoji karibu watu 30,000 katika nchi sita, na ripoti yao ya kurasa zaidi ya 300 ikakamilika mwaka 2015, ingawa umma uliiona mwaka 2017. Kwa ujumla hawakupata ushahidi thabiti wa kitakwimu kwamba uharamia unapunguza mauzo, isipokuwa kwa filamu kubwa zilizotoka karibuni. Kwa gemu, makadirio yao hata yalielekea upande wa pili. Lakini walionya: kukosa ushahidi thabiti si sawa na kusema hakuna madhara.

Utafiti wa pili ulichapishwa mwaka 2024. Uliangalia gemu 86 za kompyuta zilizotumia kufuli iitwayo Denuvo. Kufuli ikivunjwa wiki ya kwanza, mapato hushuka kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Ikivunjwa baada ya wiki 12, hasara ni karibu na hakuna.

Je, tafiti hizi zinapingana na zile hesabu za elfu moja kwa moja? Si lazima. Gemu kubwa inayosubiriwa na mamilioni ina watu wengi walio tayari kulipa wiki ileile inapotoka. Ukiwapa njia ya bure siku hiyo, wengine wataichukua. Gemu ndogo ina wapita njia wengi. Funzo ni kwamba hasara ina muda wake. Kama kuna siku za kulinda kazi yako, ni zile za mwanzo. Baada ya hapo kufuli inabaki kuwasumbua waliolipa.

Somo la senti moja

Turudi kwa World of Goo, kwa sababu hapa ndipo hadithi inaingia nyumbani kwetu kabisa.

Oktoba 2009, gemu ikitimiza mwaka mmoja, 2D Boy walisema: bei ya kawaida ni dola 20, lakini wiki hii lipa unachotaka. Zaidi ya watu 57,000 wakanunua. Wastani ulikuwa dola 2.03, kama shilingi 260 ukikadiria dola moja kuwa shilingi 130. Kiasi kilicholipwa na wengi zaidi? Senti moja.

Unaweza kucheka, lakini angalia pande mbili. Kwanza, maelfu ya watu ambao pengine wangeikopi walipita kwenye njia halali, na wengi walilipa zaidi ya walivyolazimika. Mauzo ya gemu hiyo kwenye Steam pia yalipanda wiki hiyohiyo. Pili, waliolipa senti moja hawakumwachia mtengenezaji kitu, kwa sababu ada ya PayPal iliimeza yote.

Hapo kuna fundisho ambalo wafanyabiashara wengi hulikosa. Bei ya chini huvuta watu, lakini kila muamala una gharama yake. Ukiuza vitu vidogo vidogo vya shilingi 10, hakikisha unajua baki ni ngapi baada ya ada.

Wengine walibadilisha mpango mzima. Dead Trigger ya Madfinger Games ilianza kuuzwa kwenye Android mwaka 2012 kwa senti 99 za dola. Kampuni ilisema kiwango cha kukopi kilikuwa cha kutisha hata kwa bei hiyo, na ndani ya wiki chache ikaifanya gemu iwe ya bure na kuuza vifaa ndani yake. Mtu anaweza kukopi faili. Si rahisi kukopi kitu kinachokaa kwenye seva yako.

Sasa wewe fanya hivi

*Hesabu waliokwama, si waliokopi.* Fungua ripoti ya miamala yako. Ni wangapi walianza kulipa na hawakumaliza? Wangapi waliandika nambari ya akaunti vibaya? Hao ndio kundi la tatu, na wamekuja mpaka mlangoni.

*Punguza hatua.* Kama mteja lazima anakili nambari ya till, aingie kwenye menyu, aandike kiasi, akutumie ujumbe, halafu asubiri uamke ndipo umtumie faili, wewe ndiye unayemsukuma kwenye grupu la WhatsApp. Ombi la malipo likifika lenyewe kwenye simu yake, akaweka PIN, na faili ikaja papo hapo, umeishinda nakala haramu kwa mbio.

*Panga bei ukijua ada.* Badala ya kuuza sura moja ya noti kwa shilingi 10, uza fungu la sura zote kwa 150. Mteja anapata nafuu, na ada inakatwa mara moja.

*Mpe aliyelipa kitu ambacho faili haina.* Marekebisho kila muhula, majibu ya maswali, kikao cha Jumamosi. Ndiyo ile ramani na CD ya muziki ya Wapoland.

*Linda siku za mwanzo.* Kama noti zako zinauzwa zaidi wiki chache kabla ya mtihani, hapo ndipo uwe macho. Njia moja isiyoumiza mtu ni kuandika msimbo wa muamala wa mnunuzi kwenye kila ukurasa. Hazuiwi kusoma, lakini atafikiria mara mbili kabla ya kusambaza. Usiandike nambari yake ya simu, hiyo ni siri yake.

*Usimwadhibu mteja mwaminifu.* Kabla ya kuongeza nywila au sharti lolote, jiulize: hii itamsumbua nani zaidi, aliyelipa au aliyekopi?

*Jua haki yako.* Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi yako tangu unapoiweka kwenye maandishi au faili, hata kabla hujaisajili. Lakini kuisajili na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kunakupa ushahidi mkononi ikiwa mtu ataanza kuiuza kama yake. Anayekopi kwa matumizi yake na anayeuza nakala zako kwa faida si shida ya ukubwa mmoja. Nguvu zako za kisheria zipeleke kwa huyo wa pili.

Na kama wewe ndiye mchezaji

Neno moja la usalama. Julai 2016, Pokémon GO ilipotoka nchi chache tu, watu kwingineko walikimbilia faili za nje ya duka rasmi. Kampuni ya usalama ya Proofpoint ilipata mojawapo ikiwa imefichwa DroidJack, programu inayompa mgeni udhibiti wa simu yako, pamoja na kusoma ujumbe wako. Simu yako ndiyo pochi yako. Gemu ya bure inayoomba ruhusa ya kusoma SMS si ya bure.

Jipime

1. Watu 500 wana nakala haramu ya kozi yako ya shilingi 1,000. Umepoteza shilingi 500,000? *Hapana. Umepoteza pesa ya wale tu ambao wangelipa, na kwa kawaida ni wachache.*
2. Una wiki moja ya kulinda bidhaa yako. Utachagua ipi? *Ile ya kwanza, au ile ambayo mauzo huwa juu zaidi.*
3. Umeshusha bei hadi shilingi 10 na wateja wameongezeka mara tatu. Ni jambo la kusherehekea? *Piga hesabu ya ada kwanza.*
4. Mteja amelipa na hajapata faili kwa saa sita. Anaelekea kundi gani? *Unajua jibu. Mtumie faili sasa hivi.*

Wiki hii chukua dakika kumi tu. Nunua bidhaa yako mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, kama mteja wa kawaida, na uhesabu hatua kutoka "nataka" hadi "nimepata". Kisha hesabu hatua za kuipata bure. Kama za bure ni chache, anza kazi hapo kabla hujanunua kufuli yoyote.